Kamera ya Mtumba na Swali la "Itakulipa Lini?"

Najua wengi wenu mko kwenye heka heka za CAT, kwa hivyo nitajaribu kufupisha (sitaweza, mnanijua). Tangu muhula huu uanze, swali moja limenifuata kutoka hosteli hadi mesi hadi maktaba: kwa nini umenunua kamera nyingine na ile ya kwanza haijaharibika? Nikimaliza kulijibu, la pili linakuja nyuma yake kama trela: sasa hii itakulipa lini? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye foleni ya chapati, basi leo najibu wote kwa mkupuo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, ili anayetaka kubishana ajue anabishana na nini. Mtu anayepiga picha za magari ya mbio ana haki ya kubadilisha kamera siku anapoweza kutaja, kwa jina, kitu ambacho mikono yake inakiweza na kamera yake inakikataa. Kabla ya siku hiyo anatupa pesa. Baada ya siku hiyo, kumwambia "kamera haijalishi, kinachojalisha ni mpiga picha" ni kumdanganya mchana. Na hilo la kulipa... subirini, tutafika.

Kwanza niwaambie nilikuwa na nini. Nilikuwa na Canon 1100D, kamera ya mwaka 2011, ile ambayo kila mtu anayeanza aliwahi kuwa nayo au ndugu yake. Inapiga picha 3 kwa sekunde, ina alama 9 za kukamata fokasi, na kati ya hizo ile ya katikati pekee ndiyo yenye nguvu ya kweli. Nimenunua Canon 7D ya mtumba. Hii inapiga picha 8 kwa sekunde, ina alama 19 za fokasi na zote zina nguvu, shata yake inafika 1/8000 badala ya 1/4000, na mwili wake umezibwa dhidi ya vumbi na unyevu. Uzito ni gramu 820. Ile ya kwanza haifiki hata 500.

Sasa chekeni: 7D ilitoka mwaka 2009. Yaani nimebadilisha kamera nikachukua ya zamani kuliko ile niliyoiacha! Rafiki yangu wa chumba alipojua alikaa kitandani akacheka hadi akakohoa. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Wengi wetu tukisikia "kubadilisha" tunaelewa "kununua kilicho kipya zaidi," kama simu. Mimi sikununua mwaka wa kutengenezwa. Nilinunua vitu viwili tu: kasi ya kupiga na fokasi isiyopotea. Vitu hivyo viwili vilikuwa ndani ya kamera ya mwaka 2009 iliyotengenezewa watu wa michezo na wanyama, na havikuwa ndani ya kamera ya mwaka 2011 iliyotengenezewa sherehe za kuzaliwa.

Mwenye duka alikuwa akiniuliza nataka pikseli milioni ngapi. Nikamwambia pikseli si shida yangu, mimi nataka kujua shata imeshapiga picha ngapi. Hilo ndilo swali la kuuliza ukinunua kamera ya mtumba, kama vile unavyoangalia gari limetembea kilomita ngapi. Shata ya 7D Canon waliikadiria kufika picha 150,000. Hii yangu ilikuwa imepiga kama elfu sitini. Bado ina maisha.

Haya, twende kwenye hesabu, maana kuna kundi kubwa hapa campus linaloamini kwamba kamera haina maana. Gari la mbio likikimbia kilomita 100 kwa saa (na hiyo kwa Safari Rally ni mwendo wa kawaida kabisa) linakata karibu mita 28 kila sekunde. Ukiwa na kamera ya picha 3 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata gari limeshasonga zaidi ya mita 9. Gari lenyewe lina urefu wa mita nne na kitu. Maana yake ni kwamba kati ya picha mbili limeruka zaidi ya mara mbili ya urefu wake. Picha ya kwanza liko mbali, ya pili limekupita bega. Ile sehemu tamu, pale magurudumu ya nyuma yanapotupa mawe na ya mbele yamegeuzwa upande wa pili, imepita katikati ya picha zako ukiwa umebonyeza kitufe kwa bidii zote.

Ukiwa na picha 8 kwa sekunde, pengo linashuka hadi mita 3 na nusu hivi. Bado unaweza kuikosa, lakini sasa mnashindana kwa haki.

Wale wa "kamera haijalishi" hapa huwa wananitolea mfano wa wazee. Wananiambia, mbona picha za kina Joginder Singh zilipigwa kwa filamu na ni kali kuliko zako? Kweli kabisa. Joginder alishinda Safari mara tatu, 1965 kwa Volvo, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na picha za Lancer ile ikipasua matope mpaka leo zinanitoa jasho. Shekhar Mehta naye alishinda mara tano, 1973 kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Waliowapiga picha miaka hiyo walikuwa na filamu ya picha 36, hawakuwa na kioo nyuma ya kamera cha kuangalia kama imetoka, na fokasi walizungusha kwa vidole.

Lakini angalieni walifanyaje. Ukiwa huna fokasi ya kujiendesha, unachagua jiwe. Unatafuta jiwe au alama ya tairi pale ambapo unajua gari lazima lipite, unaweka fokasi hapo, unaifunga, unasubiri. Gari likikaribia kufika kwenye jiwe, unabonyeza kabla halijafika, kwa sababu kidole na shata navyo vina uvivu wao. Mbinu hii ni nzuri sana na mimi niliitumia na 1100D kwa misimu miwili. Picha zangu tatu bora za Safari ya Machi 2024 ni za mbinu ya jiwe. Anayeanza na kamera yoyote, hata ya kuazima, aanze hapo. Itamfundisha kusoma njia ya gari, jambo ambalo hakuna kamera inayouza.

Ila mbinu ya jiwe inakupa picha moja kwa gari moja, mahali pamoja. Na jambo jingine ambalo watu husahau ni kwamba wale wapiga picha wa magazeti wa miaka ya sabini hawakuwa na kamera za sherehe za kuzaliwa. Walibeba kamera bora za zama zao. Mtu akikuambia wazee waliweza bila vifaa, mkumbushe kwamba wazee walikuwa na vifaa, vilikuwa vya wakati wao tu.

Kwa hivyo picha niliyoweza kuitaja kwa jina ni hii: gari linalokuja uso kwa uso, likitoka ndani ya vumbi, dereva amepiga usukani upande wa pili wa kona. Hapa jiwe halisaidii kwa sababu hujui atapita kulia au kushoto kwa mita ngapi. Lazima fokasi imfuate anavyokuja. Na 1100D ikiona vumbi na kichaka cha leleshwa pembeni, inachanganyikiwa. Inakamata vumbi, au inakamata leleshwa, na gari linatoka kama kivuli cha mtu aliyekimbia deni. Nilijaribu kona ile ile, siku mbili, magari zaidi ya arobaini. Nilibadilisha alama ya fokasi, nikabadilisha mahali pa kusimama, nikabadilisha kila kitu ambacho kiko mikononi mwangu. Kilichobaki ni kamera. Ndipo nikaanza kuweka akiba.

Lakini msikimbie kununua. Kuna mpangilio, na mpangilio wenyewe unaanza na lenzi. Mwili wa kamera unakuja mwisho. Kabla ya 7D nilikaa mwaka mzima na 1100D na lenzi ya 55-250 ya mtumba. Kwenye kamera za aina hii, lenzi ya milimita 250 inakuvutia kama ya 400 kwenye zile kamera kubwa za bei ya shamba. Hiyo ndiyo ilibadilisha picha zangu zaidi ya kitu kingine chochote, na ndiyo iliniweka salama.

Naomba hapa mnisikilize kwa makini, hasa nyinyi mnaopiga kwa simu. Mwenye lenzi fupi husogea. Akisogea anajikuta upande wa nje wa kona, sentimita chache kutoka njiani, simu juu, mgongo kwa shimo. Gari likipoteza njia linaenda upande wa nje wa kona. Hiyo ni fizikia ya sekondari, haihitaji mhadhiri. Mwaka 1986 kule Ureno gari liliacha njia likaingia katikati ya mashabiki, watu watatu wakafa, na kabla mwaka haujaisha yale magari makali ya kundi B yalipigwa marufuku. Kwa hivyo sheria zangu ni nne: simama upande wa ndani wa kona au juu ya tuta, uwe na njia ya kukimbilia nyuma yako, usikae chini wala usilale, na msimamizi wa njia akikuambia sogea, sogea bila kubishana hata kama umefika hapo saa kumi na moja asubuhi. Lenzi ndefu inakuruhusu kutii sheria hizo na bado ukarudi na picha. Ukiwa na elfu chache tu za kutumia, zitumie hapo.

Baada ya lenzi ni mikono. Picha ya gari la mbio iliyogandishwa kabisa ni picha mbaya. Ukipiga kwa 1/2000, magurudumu yanasimama tuli, na gari linaonekana kama limeegeshwa kando ya barabara ya Mai Mahiu likisubiri fundi. Unatakiwa kushusha kasi ya shata hadi 1/125, na kulifuata gari kwa kamera likipita mbele yako, ili gari likae wazi na dunia nyuma yake ivutike kama rangi iliyofutwa kwa kitambaa. Kwa 1/125, gari la kilomita 100 kwa saa linasonga sentimita 22 hivi wakati shata iko wazi. Mkono wako lazima usonge nalo sawasawa. Siri iko miguuni: simama ukielekea pale gari litakapoishia, kisha zungusha kiuno kwenda kulikutana nalo linapotokea, na lifuate mwili ukijifungua wenyewe. Na usisimame ghafla ukishabonyeza. Endelea, kama mpiga mpira anavyofuatisha mguu.

Habari njema ni kwamba mazoezi haya ni bure. Mimi nilijifunzia barabarani Nakuru, kwa kupiga picha matatu na bodaboda. Bodaboda ni mwalimu mzuri maana ni nyembamba, inabadilisha njia bila taarifa, na haikusubiri. Ukiweza kuipata kwa 1/60 huku abiria wake akionekana uso, umeiva. Kwa zoezi hili 1100D ilinitosha kabisa. Mtu ambaye hajafika hapa, kamera ya laki tatu itampa picha mbovu nyingi zaidi kwa sekunde, basi.

Tukifika kwenye vumbi, hapo 7D inaanza kujitetea yenyewe. Wanaofuatilia wanajua lile vumbi la Kedong kule Naivasha, laini kama unga wa ngano wa daraja la kwanza, ambalo watu wa mbio wanaliita feshi-feshi. Magari yanazama ndani yake, injini zinakabwa, na ukisimama karibu unarudi nyumbani ukiwa wa rangi nyingine. Vumbi hilo halikuachii kamera. 1100D nilikuwa naivalisha mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi na raba ya kubana, na bado vitufe vilikuwa vinalia krr krr wiki nzima. Mwili wa 7D umezibwa, ingawa lenzi yangu haijazibwa, kwa hivyo mfuko bado upo. Kanuni ya dhahabu ni usibadilishe lenzi ukiwa njiani, kamwe. Chagua moja asubuhi, uishi nayo mpaka jioni kama ndoa ya kanisani. Na angalia upepo unakoelekea kabla ya kuchagua upande wa kusimama, la sivyo gari la kwanza likipita utakaa gizani mpaka la tatu.

Sasa, haki ya Mungu, niseme pia kile ambacho 7D haijanipa, kwa sababu opinioni isiyo na upande wa pili ni tangazo la biashara. Haijanipa mwanga. Jioni jua likizama nyuma ya vilima, ukiongeza ISO kwenye kamera hii picha inajaa chengachenga karibu sawa na ile ya kwanza. Anayetaka kupiga usiku asinunue hii. Haijanipa mahali pa kusimama. Hilo bado ni matatu, bodaboda, na kutembea. Imenipa gharama mpya: inatumia memori kadi za aina nyingine, zile pana za CF, kwa hivyo kadi zangu zote za zamani zikawa hazina kazi na betri vilevile. Kuna kamera za kisasa zisizo na kioo ndani, kwa mfano Canon R7 ya mwaka 2022, ambayo inapiga picha 15 kwa sekunde kwa shata ya kawaida na inalitambua gari yenyewe na kulifuata. Mwili wake peke yake ulianza kuuzwa dola 1,499. Mimi kwa pesa hiyo nalipa chumba mpaka nimalize shahada na chenji inabaki. Siichukii. Sijafika tu pale ambapo naweza kusema 7D inanikataza nini, na mpaka siku hiyo ifike, R7 ni picha ya ukutani.

Kitu kimoja kizuri kuhusu kamera nzee ni kwamba kasoro zake zote zimeshajulikana na dawa zake zipo. Mwaka 2012 Canon walitoa programu mpya ya 7D, bure, iliyoongeza idadi ya picha nzito ambazo kamera inaweza kumimina kwa mfululizo kutoka 15 hadi 25 kabla ya kuchoka. Ukinunua ya mtumba, angalia kama mwenyewe wa kwanza aliiweka. Kama hakuiweka, umepata zawadi.

Haya basi, tumefika kwa lile la pesa. Niliuza 1100D kwa fresha mmoja anayetaka kupiga picha ndege wa Ziwa Nakuru, kwa elfu kumi. Kamera mpya (mpya kwangu) ilikuwa elfu ishirini na saba. Tofauti nililipa kwa pesa za kufundisha watoto mtaani likizo mbili, hesabu na insha. Si pesa za HELB, kabla hamjaanza.

Na kila nikieleza hivyo, mtu ananiangalia kwa huruma na kusema: "Sawa, lakini si uanze kupiga harusi ikulipe?" Wengine wameshanipangia bei. Mwingine amenitengenezea hadi jina la kampuni! Najua mnaniambia kwa mapenzi. Sisi ni kizazi ambacho tumeambiwa kila kitu kiwe hasla. Ukijua kusuka, fungua saluni. Ukijua kuimba, toa albamu. Ukipenda paka, uza paka. Na sisi wa kitivo cha ualimu tunaambiwa zaidi ya wote, maana kila mtu anajua ajira za walimu zinavyosubiriwa.

Sipingi hasla. Nikikosa karo kesho, nitapiga harusi hata tatu kwa siku na nitatabasamu. Ninachopinga ni ile dhana kwamba kitu kisicholeta pesa hakina haki ya kugharimu pesa. Kuna komredi anayelipia mechi kila wikendi na kuweka dau, hakuna anayemuuliza italipa lini (ingawa yeye ndiye angepaswa kuulizwa!). Kuna wanaomaliza elfu tano kwa usiku mmoja mjini. Mimi nikiweka pesa kwenye kitu kinachonitoa kitandani saa tisa usiku, kinachonitembeza kilomita nane kwa miguu, na kunifundisha subira, naambiwa nimechanganyikiwa. Uraibu ni mahali pekee ambapo hakuna anayekupa alama. Muhula mzima tunapimwa: CAT, mtihani, mazoezi ya kufundisha, mtu ameketi nyuma ya darasa na karatasi. Kwenye kona ya vumbi sipimwi na mtu. Ukinigeuzia hapo pia pawe kazini, umeniachia nini?

Na kuna sababu nyingine, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo imenifanya niandike haya yote. Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Tangu irudi, wapiga picha wa kimataifa wanakuja Naivasha kwa wingi, wana lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima, na kazi yao ni safi. Lakini wao wanalipwa kufuata wanaoongoza. Magari ya mbele yakishapita, wanafunga mikoba wanakimbilia mkondo unaofuata, na siwalaumu, ndiyo kazi. Nyuma yao yanaendelea kuja magari mengine, na ndani ya mengi ya hayo wamo madereva wa hapa kwetu. Watu waliokusanya pesa mwaka mzima, wengine na gari lililofungwa pamoja na fundi usiku kucha, wanapita kwenye kona ambayo haina tena kamera hata moja ya maana.

Mwaka ule wa 2021 Sébastien Ogier ndiye aliyeshinda, na picha zake ziko kila mahali. Nafasi ya 7, ya 8 na ya 9 zilichukuliwa na Wakenya watatu: Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo. Jaribuni kutafuta picha nzuri za watatu hao wakiwa njiani mwaka ule, halafu mlinganishe na idadi ya za Ogier. Au mchukueni McRae Kimathi, kijana aliyepewa jina la Colin McRae, yule Mskoti aliyeshinda Safari 1997, 1999 na 2002. Mtoto wa Kenya mwenye jina la bingwa, anapita kwenye vumbi la nyumbani... nani anabaki kumpiga picha? Mtu asiye na bosi wa kumwambia ahame. Mtu asiyeuliza itamlipa lini. Ukiniuliza faida ya mpiga picha wa kujifurahisha mbele ya yule wa kulipwa, sina lenzi yake wala kitambulisho chake cha kuingia mahali pazuri. Nina muda. Naweza kubaki mpaka gari la mwisho.

Ndiyo maana kwangu kasi na fokasi hazikuwa anasa. Gari la thelathini linapita njia iliyochimbika, halipiti pale lilipopita la kwanza. Jiwe langu limeshang'olewa. Vumbi limejaa hewani. Dereva anatafuta njia yake mwenyewe, na kila mmoja anaipata tofauti. Kumpiga huyo picha ni kugumu kuliko kumpiga Ogier, na kamera ya kusubiri jiwe haimpati.

Kuna mtu huwa wananitajia kama ushahidi kwamba kamera hulipa, naye ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh mwaka 1943, aliyekulia Tanganyika. Alianzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia nzima, kabla hajafa kwenye ajali ya ndege Komoro mwaka 1996. Wanasema, si unaona? Mimi naona kitu kingine. Mtu yule alianza na kamera tangu akiwa mtoto wa shule, na miongoni mwa vitu vya kwanza alivyovikimbilia nayo ni hizi hizi mbio za Safari, zilipokuwa zikipita Dar. Sidhani mtoto wa shule anayekimbilia magari na kamera mkononi huwa amepiga hesabu ya harusi. Anataka kuona, na kuonyesha wenzake alichoona. Yaliyofuata baadaye yalifuata.

Kwa hivyo, komredi, kama unataka kubadilisha kamera, chukua karatasi uandike sentensi moja: "Siwezi kupiga picha fulani kwa sababu kamera yangu haiwezi jambo fulani." Ukishindwa kujaza hizo nafasi mbili, rudi barabarani ukapige bodaboda. Ukiweza kuzijaza, nunua, hata ya mtumba, hata ya 2009, na usimwombe mtu msamaha. Na ukija Naivasha, beba maji, beba mfuko wa plastiki, simama upande wa ndani wa kona. Mkiona watu wameanza kuondoka baada ya magari ya mbele kupita, msiondoke nao. Mimi nitakuwa hapo bado, na nafasi ya kusimama itakuwa imepatikana.